Mama Takwimu na Kilo Aliyokataa Kuirudisha

Jina lake nalijua, ila siliandiki. Mtaa mzima wa Kwamndolwa, hapo Korogwe, ulimwita Mama Takwimu, na yeye aliitika, basi na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo. Alikaa miaka sita kwenye nyumba yangu ya Korogwe, upande wa mbele, vyumba viwili na baraza. Katika miaka hiyo sita sikumwona amekaa bila kompyuta mapajani ila siku za msiba, na siku umeme ulipokatika mpaka betri ikaisha. Alizaliwa wapi, baba yake nani, hayo mtafuteni mwenyewe mumuulize. Mimi nasema niliyoyaona.

Nami nijieleze kidogo, msije mkadhani anayeandika ni msomi. Shule nimeishia darasa la tatu. Kusoma nasoma, kuandika naandika, na nyumba ninazo mbili, moja Mkata na moja hiyo ya Korogwe, zote zimetoka kwenye mahindi na muhogo niliouza kando ya barabara kubwa, gunia kwa gunia. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo mtu akiniambia fulani ana kichwa, mimi nauliza kwanza: kichwa hicho kimefanya nini?

Cha Mama Takwimu kilifanya kazi kwenye utafiti wa magonjwa. Ofisi yao ilikuwa hapo mjini. Wauguzi na wapimaji walikwenda vijijini, wakapima watoto joto, damu, uzito, urefu, wakajaza fomu. Makarani wakaziingiza fomu kwenye kompyuta. Halafu lile rundo lote la namba likamwangukia yeye. Wengine wote kazi yao ilikuwa kukusanya. Yeye ndiye aliyekaa nazo na kuuliza: haya, mmesema nini?

Mimi nilidhani kompyuta ya takwimu ni kama mashine ya kusaga, unatia mahindi juu, unga unatoka chini. Nilipokaa naye barazani nikaona siyo. Ile programu yake haikuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Aliiandikia amri, mstari kwa mstari, kama mtu anayemwandikia barua fundi mkaidi. Akikosea nukta moja, mashine inamjibu kwa maandishi mekundu, naye anaijibu kwa mdomo.

"Umenisikia vizuri sana," anaiambia. "Unajifanya tu."

Na pembeni ya kila amri aliandika kwa maneno ya kawaida kwa nini ameitoa. Hapa nimewatoa watoto wawili, fomu zao hazina umri. Hapa nimegeuza siku kuwa miezi. Nikamuuliza siku moja, "Mama, mashine inasoma hayo maneno?"

"Haisomi, mzee. Inayaruka."

"Sasa unamwandikia nani?"

"Mtu atakayekuja baada yangu. Na mara nyingi mtu huyo ni mimi mwenyewe wiki ijayo, nimeshasahau."

Alikuwa na kitu alichokiita data mbichi. Hizo ni namba kama zilivyotoka kijijini, hazijaoshwa, hazijamenywa. Alizifungia mahali pake ambapo unaweza kuzisoma lakini huwezi kuandika, akafanya kazi kwenye nakala. Wakati mmoja karani wao alipata njia ya kuingia humo akasahihisha kosa moja, tena kwa nia njema kabisa. Mtoto aliandikwa wa kiume, kumbe wa kike. Mama Takwimu alipogundua alimfuata, na mazungumzo yao niliyasikia kwa sababu yalikuwa barazani kwangu.

"Rudisha ilivyokuwa."

"Dada, lakini huyu ni msichana. Namjua, ni mtoto wa jirani yetu."

"Na mimi nakuamini. Rudisha wa kiume. Halafu nenda kwenye nakala, andika amri ya kumfanya msichana, na uandike pembeni umejuaje."

"Si itakuwa ni kitu kile kile?"

"Siyo kitu kile kile. Sasa hivi ni wewe peke yako unayejua kwamba umegusa."

Karani akaondoka amenuna. Mimi moyoni nilisema huyu mwanamke ni mgumu bure. Kosa limeshasahihishwa, wewe unalirudisha la nini? Nikawa najisemea hivyo, sijui kwamba zamu yangu inakuja.

Lakini msimdhanie mtu mkavu. Alicheka sana, na kilichomchekesha zaidi ni namba. Kuna fomu zilizowahi kutoka upande wa Chanika, kule Handeni mjini, ambazo mtoto asipopimwa ziliandikwa tisini na tisa. Maana yake "hakupimwa". Sasa mtu anajua, mashine haijui. Mkuu wao pale ofisini akapiga wastani, akatoka anatangaza kwamba watoto wa Chanika wana afya ya ajabu. Mama Takwimu alikuwa na desturi moja asiyoivunja: kabla ya hesabu yoyote, alichora picha. Akachora. Watoto wote wamejikusanya huku, na kule mbali kabisa, peke yake, kuna kidoti.

Akaja nacho nyumbani kutuonyesha. "Huyu hapa," akamwambia mke wangu, "ana miezi kumi na minne, ana kilo tisini na tisa."

Mke wangu akakitazama kile kidoti kwa huruma. "Mama yake anambebaje?"

Mpaka leo kwetu mtu akinenepa tunasema amekuwa hakupimwa. Mkwe wangu mmoja hapendi kabisa neno hilo, na ndiye anayelistahili.

Vijana wa pale mtaani wanaobeti mpira walimsumbua sana mwanzoni. Walijua neno takwimu kutoka kwenye mikeka yao ya kubeti, wakaona wamepata mganga. Wanakuja Ijumaa jioni, adabu nyingi, shikamoo mama, za kazi mama.

"Mama, wewe si ndiye mtu wa takwimu? Kesho nani anashinda?"

"Sijui."

"Hata kwa kukadiria?"

"Sijui, na nyinyi hamjui. Tofauti yetu ni kwamba mimi naweza kuwaambia sijui kwa kiasi gani."

Walikwenda zao. Mmoja akasema nyuma ya ukuta, "Yaani amesoma mpaka chuo kikuu kuja kusema hajui?" Yeye alisikia, akacheka mpaka akaweka kompyuta chini.

Hilo la kutojua alilisema bila haya, na mimi lilinichukua muda kulizoea, kwa sababu mimi maisha yangu yote nimeuza kwa kujua. Mnunuzi akikuuliza mahindi haya makavu? huwezi kumjibu "kwa kiasi fulani".

Wakati mwingine nilimpelekea mgeni wangu mmoja, mzee mfugaji kutoka kule nyika kavu za Handeni, mtu wa ng'ombe tangu utoto, aliyekuwa amekuja Korogwe kumtazama mgonjwa. Alikaa barazani, akamsikiliza Mama Takwimu akieleza jinsi wanavyopima watoto baadhi tu ili kujua habari za wote. Mzee akatikisa kichwa.

"Mimi siwezi kusema habari za ng'ombe wangu kwa kuangalia kumi."

"Ukitaka kujua kama wameingiwa na ugonjwa unafanyaje, mzee?"

"Nawatazama. Nawajua wote. Kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao."

Mimi nikadhani sasa atamletea hoja za kisomi. Yeye akafunga kompyuta. "Basi wewe hunihitaji," akamwambia. "Takwimu ni ya sisi tusioweza kuwajua wote." Mzee yule alifurahi sana, akaondoka anamsifu, na mwaka uliofuata alituma maziwa.

Sasa kasoro zake. Mtu asiyekubali namba mpaka aione ilikotoka, gengeni alikuwa anauziwa nyanya zilizopondeka chini ya fungu na anashukuru. Mke wangu alikasirika mpaka akaamua kumnunulia yeye. Chumvi alitia kwa kiganja, chakula chake leo chukuchuku, kesho bahari. Saa ya mkononi aliivaa, ila alifika kila mahali amechelewa. Aliniambia funguo za nyumba zimepotea mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na ninyi mnajua kwa sasa kwamba mimi sipendi kusema namba nisiyoijua. Hilo nililipata kwake. Na yeye mwenyewe hakukubali kupanda mizani. Wauguzi walipomtania alisema, "Niandikeni tisini na tisa."

Yote hayo ni mapambo. Nikiishia hapo nitakuwa nimeandika sifa, na sifa si mtu. Nifike kwenye langu.

Utafiti mkubwa alioufanya akiwa kwangu ulikuwa wa malaria na ukuaji. Walitaka kujua hivi: watoto wakipewa dawa ya kinga msimu wa mvua, wataongezeka uzito kuliko wasiopewa? Watoto wa upande wetu, Mkata, wapewe. Wa upande wa Chanika wasubiri, wapewe baadaye. Wote wapimwe uzito mara mbili, kabla ya dawa na baada. Walihitaji wapimaji wanaojulikana vijijini, ambao mama hatamficha mtoto akiwaona wanakuja. Kwa Mkata wakaniuliza mimi.

Sikushangaa. Nani Mkata anajua mizani kunishinda? Wakatupa semina ya siku mbili, soda na chapati, mwalimu kijana anatufundisha kusoma mshale. Nilikaa kimya kwa heshima. Nilikuwa nasoma mshale kabla hajazaliwa.

Nikafanya kazi ile vizuri. Nilikwenda kwa baiskeli mpaka vitongoji ambavyo gari lao halikufika. Niliifunga mizani kwenye boriti, nikamtia mtoto kwenye ile suruali yake ya kuning'inia, anapiga makelele, mama anamchekea, nasoma, naandika. Raundi ya kwanza ilikuwa wakati wa baridi. Raundi ya pili mvua zimepita, joto limerudi.

Namba zilipoingia kwenye kompyuta, ofisi nzima ilifurahi. Watoto wa Mkata waliongezeka uzito kama hawajawahi kula kabla. Mkuu wao alikuwa anasema dawa hii itabadilisha mambo. Mimi nilitembea Kwamndolwa nimeinua kidevu. Watoto wangu hao.

Mama Takwimu peke yake hakufurahi. Asubuhi moja aliniita barazani.

"Shikamoo mzee. Njoo uone kitu."

"Marahaba."

Alikuwa amechora picha mbili. Moja ya Chanika, ambako alipima muuguzi mmoja binti mdogo. Ilikuwa mchongoma, vijiti virefu na vifupi vimesongamana kama uzio mbovu. Ya pili ilikuwa yangu. Nguzo safi, zimesimama kwenye kilo nane, kilo tisa, kilo kumi, kumi na moja, na katikati yake kweupe kabisa.

Nilifurahi. Nikamwambia, "Unaona kazi ya mtu mzima? Hebu mtazame huyo binti wa Chanika alivyovuruga."

Aliweka kidole kwenye ule weupe wa katikati. "Mzee, hakuna hata mtoto mmoja Mkata mwenye kilo tisa na nusu?"

"Wapo."

"Wako wapi?"

Kabla sijajibu akaingia msimamizi wa wapimaji, kijana mwenye kitambulisho shingoni, ambaye alikuwa ameshaiona picha ile ofisini. Hakunisalimu. Alimwambia yeye, mbele yangu, "Si nilikwambia dada? Mzee amepika."

Kupika data, kwa wasiojua, ni mpimaji kukaa mahali pazuri, hajaenda popote, akajaza fomu kwa kichwa chake. Ni wizi. Mpishi anafukuzwa, jina lake linapelekwa ofisi nyingine zote, na watoto wote aliowaandika wanatupwa kama hawakuzaliwa. Mimi damu ilinipanda. Miaka yote niliyouza mahindi pale barabarani, madereva wa malori wanapita vijiji vitatu ili waje kununua kwangu, hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Na sasa ananiita mtoto ambaye hajui hata kusema shikamoo.

Mama Takwimu hakupandisha sauti. "Hajapika," alisema.

"Dada, nguzo zile!"

"Anayepika hapiki hivi. Anayepika anaweka vipande vingi, tisa nukta tatu, kumi nukta saba, ili zionekane za kweli. Halafu huyu ameandika hapa mtoto hayupo, mama yake amekwenda msibani. Hapa ameandika mtoto amemkojolea. Wapishi hawakojolewi."

"Sasa amefanya nini?"

"Sijui. Ndiyo maana nakwenda Mkata."

Alikuja kweli, siku iliyofuata, na yule msimamizi nyuma yake. Alibeba mfuko wa maharage aliokuwa ameupima ofisini kwa mizani yao ya uhakika. Tukaenda kwa mama mmoja jirani yangu ambaye mwanawe nilimpima raundi zote mbili. Nikafunga mizani kwenye boriti la jiko. Mama Takwimu akauviringisha ule mfuko kwenye kanga, akaniletea kama mtoto.

"Mzee, mpime huyu."

Watoto wa pale wakacheka. Mimi nikaning'iniza, nikatazama mshale, nikasema, "Nane."

"Mshale umesimama wapi?"

"Tisa na vistari vitatu."

"Sasa nane imetoka wapi?"

Nikamshangaa. Jambo liko wazi kama mchana. "Vile vistari ni vya mnunuzi," nikamwambia. "Mshale ukisimama katikati, muuzaji mwaminifu anasoma ya chini. Halafu unatoa gunia. Huwezi kumuuzia mtu gunia kwa bei ya mahindi. Hii kanga yako nzito, nimeitoa kama kilo. Inabaki nane."

Yule mama jirani akapiga kofi. "Kumbe! Ndiyo maana mwanangu kwenye karatasi yako kila siku amekonda! Mzee, umemuuza mwanangu?"

Mama Takwimu alikaa chini, pale pale kwenye vumbi la jiko, akacheka mpaka machozi yakatoka. Hata msimamizi alicheka, ingawa alitaka kuficha. Mimi pia nilicheka mwisho, kwa sababu nilijua nimepona. Wameona wenyewe kwamba nilipima, na kwamba nilipima kwa uaminifu. Semina ilisema mtoto apimwe bila nguo, lakini asubuhi ya baridi ni mama gani atamvua mwanawe sweta kwa ajili ya karatasi? Nikawaachia sweta, nikazitoa kwa kichwa, kama ninavyotoa gunia. Nilidhani nawasaidia.

Nikamwambia, "Basi mambo yamekwisha. Warudishie kilo moja moja kwenye mashine yako. Amri moja tu, na uandike pembeni sababu. Si ndivyo unavyofanya?"

Akaacha kucheka. Akajifuta macho. "Ulitoa kilo moja kwa kila mtoto?"

"Inategemea sweta."

"Wa sweta nyepesi?"

"Nusu, halafu naandika kilo kamili ya chini."

"Na raundi ya pili, wakati wa joto?"

"Walivaa vishati. Sikutoa kitu, labda kidogo."

Hapo nikaanza kuona. Wakati wa baridi nilitoa nyingi, wakati wa joto sikutoa. Mtoto asiye na dawa hata tone angeonekana ameongezeka. Ile furaha yote ya ofisi ilikuwa masweta.

"Siwezi kurudisha, mzee," alisema. "Nikirudisha, nitarudisha kiasi gani, na kwa nani? Kilo uliyoitoa kichwani mwako hukuiandika. Nikiiweka mimi, sasa nitakuwa mimi ndiye ninayepika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uzito wa Mkata hautumiki. Tunaanza upya mvua zijazo."

Mwaka mzima. Watoto wa Chanika wasubiri tena. Na nani atakayeamini kwamba namba zikitupwa mwenye namba si mwizi? Nilimwambia maneno mabaya siku ile, mbele za watu. Nilimwambia amekaa kwenye nyumba yangu, amekula ugali wa mke wangu, na kilo moja tu ya kuniokoa ananinyima. Alisema tu, "Msimamizi ataandika kwamba hukupika. Nitahakikisha." Nami sikuamini maneno ya kuandikwa kwa Kiingereza na watu ambao wameshaniita mpishi.

Nilikaa wiki nyingi simsemeshi. Asubuhi anapita, shikamoo mzee. Marahaba lazima uitike, nikaitika, basi, mlango nikafunga. Hakukosa hata siku moja kunisalimu. Mke wangu alisema, "Unamnunia mtu kwa kukataa kusema uongo kwa niaba yako." Nilimwambia anyamaze. Usiku huo sikula, na si kwa hasira.

Baadaye nilisikia kutoka kwa karani kwamba mkuu wao alitaka niondolewe, na ni Mama Takwimu aliyekaa ofisini kwake mpaka akakubali nibaki. Raundi mpya ilipokuja alinikabidhi mizani kwa mkono wake.

"Soma mshale tu, mzee. Na vistari vyake. Kutoa nitatoa mimi."

"Na sweta?"

"Mvue. Mama akikataa, andika amekataa."

Nikavua masweta. Nilitukanwa Mkata nzima mwaka ule. Picha yangu ilipochorwa ilikuwa mchongoma kama ya binti wa Chanika, na yeye akaniita kuitazama kana kwamba ni harusi.

Kisha akahamishwa. Aliondoka na gari la ofisi, vitabu vyake na kompyuta, na funguo zangu, ambazo sikuzipata tena.

Miaka imepita. Mimi sasa nakaa zaidi Mkata. Juzi nilikuwa nageuza muhogo juani mbele ya nyumba, basi likasimama barabarani, akashuka yeye. Nywele zimeanza weupe mbele, miwani imeongezeka unene. Alikuwa anapita kwenda Korogwe, akaomba dereva amshushe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu." Neno hilo la pili lilitoka lenyewe.

Tulikula, tukauliza wazima na wagonjwa. Halafu akafungua mkoba, akatoa karatasi zilizobanwa pembeni. Ile kazi yetu ilikuwa imechapishwa. Dawa inasaidia, alisema. Si kama ile furaha ya kwanza. Inasaidia kidogo, lakini kidogo cha kweli, na watoto wa Chanika wamepewa.

Mimi nikamuuliza kitu kimoja tu. "Mimi wameniandika vipi?"

Alifunua ukurasa, akaweka kidole. "Ni Kiingereza, ngoja nikugeuzie." Akasoma taratibu: "Vipimo vya uzito vya mwaka wa kwanza kutoka upande mmoja havikutumika. Mpimaji alisoma kwa kilo kamili na kukadiria uzito wa nguo, kama ilivyo desturi ya wauza nafaka wa eneo hilo. Alipima watoto wote aliopaswa kuwapima. Hatukuona dalili yoyote ya kughushi."

"Soma tena hapo mwisho."

Akasoma. Nikamwita mke wangu atoke jikoni, nikamwambia Mama Takwimu asome tena mbele yake. Mke wangu akasikiliza mpaka mwisho, mikono ina unga.

"Mimi nilijua tangu siku ile," akasema. "Umekaa na hilo moyoni miaka yote hii?" Akarudi jikoni.

Nikaitazama ile karatasi. "Na huyu mpimaji ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Jina liko wapi?"

"Hatuandiki majina ya wapimaji. Ni kuwalinda."

"Kunilinda na nini? Si umesema sikughushi?"

Nikaivuta karatasi kwangu.

"Nipe peni."

"Mzee, hii ndiyo nakala yangu."

"Nipe peni."

Akatafuta mkobani, akanipa. Niliandika majina yangu yote matatu pembeni ya mstari ule, kwa herufi kubwa, taratibu, kwa sababu mkono wangu si wa kuandika kila siku. Upepo wa barabarani ulikuwa unapeperusha kurasa, yeye akazishikilia kwa mikono miwili mpaka nilipomaliza. Hakuikunja. Aliiacha mezani wazi mpaka wino ukakauka, ndipo akaitia mkobani.